Mzazi Naye Hukaa

Katika basi la mtaa wa Nechells, huko ughaibuni, Maisara alikuwa akimbembeleza mwanawe kwa Kiswahili pale Jasbir, bibi wa Kihindi wa Kisumu asiyemjua, alipomgeukia. "Kumbe nyumbani! Mnaenda wapi?"

"Kwenye kikundi cha wazazi na watoto. Lakini leo hatushuki, tunapita tu." Na kwa kuwa hawajuani, Maisara akamwaga yote. Wiki iliyopita alimwacha mtoto mlangoni, akashukuru, akaenda zake sokoni. Kwao Unguja mtoto huachwa kwa jirani bila hata kuaga. Aliporudi na samaki wake jodari mkononi, akawakuta wazazi wote wamekaa zuliani wakiimba na watoto wao, na wake kalala mapajani pa mwalimu. "Nilitamani ardhi ipasuke nizame, mama."

Jasbir akacheka mpaka mtandio ukamshuka. "Kwani walikugombeza?"

"Hata! Walinipa chai. Ndiyo haya zikazidi."

"Mimi mtoto yangu niliachia nyanya yake Kisumu, mwaka mzima. Hapa nyanya hakuna, iko hao wa kikundi tu. Shuka!"

"Siwezi."

Basi likasimama kwenye kituo cha kikundi, milango ikafunguka. Jasbir alikwisha kukamata kigari cha mtoto. "Haya, sema. Unashuka naye, ama unaniachia na mimi?"