Mbuzi Waliolala kwa Hija

Kwenye bajaji ya Chanika, mama mmoja wa Kisarawe alikuwa akimsimulia binti aliyekaa kati yetu. “Zile pesa za serikali za kaya maskini nilinunulia mbuzi, wakazaana. Nikasikia wakaguzi wanakuja, mwenye mifugo anafutwa kwenye orodha ya msaada. Nikawapeleka kwa jirani yangu Hija, mjane, naye yumo kwenye orodha, nikamwambia banda langu limebomoka.”

“Wakawakuta kwake?”

“Wakamfuta palepale. Alisema si wake, wakamjibu kila mtu husema hivyo.”

Binti akashika mdomo. Mie, bingwa wa kutia chumvi, hapa sikuona pa kuongeza hata punje.

“Si ungewaambia ukweli, mama?”

“Nifutwe mie, mwanangu? Nina wajukuu wanne.”

“Na Hija?”

“Bado anawakatia majani. Ananiambia nisihangaike na banda.”

Bajaji ikafika mwisho. Mie nilitakiwa kushuka Pugu, tulikokwisha kupita zamani.