Mgeni wa Hatua Mia Tatu

Kijiwe chetu hapa Roncalta, kimji cha milimani Italia, ni viti viwili vya chuma vya watu wawili wawili, vile vya kuning'inia kwenye waya, vilivyong'olewa kwenye lifti ya zamani ya mlimani na kufungwa kwa bolti kwenye ukuta wa hoteli ya Mama Ersilia. Hoteli yenyewe ina nyota moja, na hiyo moja imeanza kuliwa na kutu. Tunakaa hapo kila asubuhi kuanzia saa mbili, wazee wanne, na ukikuta nafasi tupu ujue kuna mgonjwa. Yupo Ottorino tunayemwita Jaji, kwa sababu mwaka wa sabini na nane aliitwa mahakamani kutoa ushahidi na mpaka leo hajamaliza kuutoa. Yupo Fiorenzo, huyo ni Jibini, na ukikaa upande unakoelekea upepo hutauliza kwa nini. Mimi ni Barua, nilibeba mkoba wa posta miaka thelathini. Halafu yupo Tullio, Kamba. Msidhani anapiga kamba. Mzee huyu hajui kudanganya hata kwa daktari. Aliendesha ile lifti ya viti miaka thelathini na minne, waya ukipita mbele ya macho yake kutwa, ndipo jina likamganda. Alhamisi moja mwishoni mwa Septemba, ng'ombe wameanza kushushwa kutoka malisho ya juu na kahawa ndiyo kwanza imeletwa, Kamba aliweka kikombe chini akatutangazia kwamba anahamia hotelini.

Jibini: Hoteli ipi?

Kamba: Hii uliyoiegemea.

Jibini: We mzee! Nyumba yako si ile pale? Bomba la moshi naliona.

Kamba: Na mimi naliona.

Jaji: Ngojeni. Sitoi hukumu bila kahawa iliyosahihishwa.

Kahawa ya huku husahihishwa kwa tone la grapa, ile pombe kali ya maganda ya zabibu, na Jaji hana kahawa hata moja aliyowahi kuikuta haina kosa. Aliposahihishiwa, Kamba akasema lililokuwa moyoni.

Kamba: Loredana anakuja Jumamosi. Na gari.

Hapo wote tuliangalia vikombe. Loredana ni mtoto wake wa pekee, anakaa Torino. Mwezi wa tatu Kamba aliteleza jikoni kwake akavunjika nyonga, akalala sakafuni tangu alfajiri. Sisi ndio tuliogundua, baada ya kuona kahawa yake inapoa na mwenyewe hatokei, tukaenda kuvunja mlango. Tangu siku hiyo Loredana kila akipiga simu ni neno lile lile: Baba, sitaki siku moja nije nikukute sakafuni. Si mtoto mbaya, lazima nimtendee haki. Amemwandalia chumba ghorofa ya sita, amenunua mapazia mapya, na analia kwenye simu. Lakini Kamba akishuka Torino hatapanda tena, na hilo hapa kijiweni tunalijua kama tunavyojua majina yetu.

Jibini: Ndiyo maana wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kamba: Mkuu gani aliniambia nini? Nilikuwa naokota kijiko.

Jibini: Nimesema tu.

Kamba: Sikilizeni basi. Mwanangu ana masharti matatu. Awepo wa kunipikia, awepo wa kunisikia nikianguka, na nisipasue kuni. Nimekaa nayo wiki mbili, nayageuza. Hotelini kuna jiko. Kuni hazinihusu. Na Ersilia analala pale mlangoni, sikio lake mnalijua.

Sikio la Mama Ersilia tunalijua. Liliwahi kusikia Jibini akiisema supu yake, na Jibini alikuwa kanisani.

Mimi: Lakini Ersilia hufunga vyumba vya juu sikukuu ya Watakatifu Wote ikipita. Mpaka theluji iyeyuke.

Kamba: Mwaka huu hafungi. Nimeongea naye. Kanitazama weee, kisha kaniuliza kama napenda kunde.

Jaji: Kakubali kwa mdomo au kwa maandishi?

Kamba: Kwa mdomo.

Jaji: Umekwisha. Lazima uandikwe kwenye kitabu cha wageni. Nakwambia kitu nilichokiona mahakamani kwa macho yangu haya. Ukishaandikwa, jina lako linapelekwa polisi usiku huo huo. Maana yake nini? Maana yake serikali inajua umelala wapi. Sasa mtoto atamtoaje mtu serikalini?

Jibini: Duh.

Jaji: Na ukitaka usalama kamili, jiandikishe Mjerumani. Mjerumani haguswi bonde hili lote.

Kamba: Loredana atanijua, Jaji. Mimi ni baba yake.

Jaji: Vaa soksi na makubazi kama watalii wao. Mama yako mzazi angepita asikusalimie.

Jibini alikuwa akiwaza, na mawazo ya Jibini ni kama maziwa yaliyowekwa mekoni. Akavua kofia.

Jibini: Barua, wewe ulileta telegramu zote za mji huu. Kuna mtu aliwahi kufia hotelini humu?

Mimi: Sikumbuki.

Jibini: Hukumbuki kwa sababu hayupo. Hata mmoja. Watu wamefia majumbani, wamefia hospitali, marehemu shemeji yangu alifia kwenye foleni ya mkate. Humu hakuna. Tangu vita viishe. Hiyo ni sayansi, jamani. Kamba akiingia humu, ndiyo basi, tutamzika nani?

Jaji: Hoja imepokelewa.

Jibini: Na mimi nitahamia. Tuhamie wote. Mji mzima. Majira ya baridi tunabaki watu sabini na moja, tukibanana tunaenea. Meya anakaa chumba namba moja, padri namba mbili, karibu na ngazi kwa ajili ya dharura. Hata serikali siku moja ikituma basi la kutuhamishia bondeni, inakuta sisi sio wakazi, ni wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kamba: Sasa kama mimi ndiye mgeni na mimi ndiye mwenyeji, anapona nani?

Jibini: Methali haiulizwi maswali.

Tulicheka, Kamba naye akacheka kidogo, kisha akarudi kuitazama fimbo yake. Nikaona nimwulize la maana kabla hawa wawili hawajamvisha makubazi.

Mimi: Umechukua chumba gani?

Hapo tukagundua jambo la aibu. Tumepita chini ya madirisha yale maisha yetu yote, na mpaka juzi hapana hata mmoja wetu aliyewahi kupanda zile ngazi. Nani analala hotelini mjini kwake? Jibini aliapa kwamba vyumba vyote vina roshani. Jaji akaapa kwamba vya nyuma havina madirisha kabisa, ana ushahidi.

Jibini: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Jaji: Hiyo ya leo umeipatia.

Jibini: Kumbe?

Kamba: Nimepanda mimi jana. Ngazi kumi na tisa, za mbao, zina pa kushikia pande zote. Kwangu zipo hamsini na nne, za mawe. Kuna chumba namba tano na namba sita vimekaa tayari. Namba tano kinatazama barabarani, unaiona nyumba yangu yote, mlango na madirisha.

Jibini: Safi sana. Utailinda ukiwa kitandani.

Kamba: Ndiyo maana nimechukua namba sita.

Mke wake Assunta alitolewa kwa mlango ule ndani ya jeneza, miaka sita sasa, na maua yake kwenye madirisha Kamba ameyamwagilia mwenyewe mpaka mwezi huo wa tatu. Mimi nilikunywa kahawa yangu yote kwa mara moja, ikaniunguza, nikashukuru kupata sababu ya macho kulengwa na machozi.

Jibini: Jamani, tumesahau kitu. Mgeni lazima afike.

Kamba: Afike vipi?

Jibini: Afike! Mgeni hatokei tu kama uyoga. Anashuka kwenye basi, ana sanduku, anatazama huku na huku, anauliza hoteli iko wapi. Loredana akiuliza watu, nani alimwona Baba akifika, tutasemaje? Kesho panda basi la asubuhi ushuke bondeni, unywe kitu kule, upande na basi la saa sita. Sisi tutakuwa hapa. Tutakutazama vibaya kama tunavyowatazama wote.

Jaji: Mimi nitakuuliza unatoka wapi.

Jibini: Kuku mgeni hakosi kamba mguuni!

Kamba: Na mimi ndiye Kamba, kwa hiyo kuku ni nani?

Jaji: Fiorenzo, kaa chini.

Kamba: Sipandi basi lolote. Hiyo ndiyo safari ninayoikataa, halafu niifanye kwa mazoezi? Nitafika kwa miguu. Hatua mia tatu kutoka mlangoni kwangu, nimezihesabu, na nitapumzika mara mbili. Sanduku Barua atanibebea.

Mimi: Lini?

Kamba: Leo. Baada ya kahawa hii. Loredana akija Jumamosi atanikuta nimeshalala usiku mara mbili, nimeshaoga, nimekula, nimekaa hapa na nyinyi. Aone kwa macho. Sitaki kugombana naye. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu nilimlea mimi mwenyewe kutokubali kirahisi. Akitaka kulia, alie hapa mbele yangu, nimshike mkono. Lakini ndani ya gari siingii.

Alisema polepole, bila kupandisha sauti, na nikajua kwamba lile neno limeshapigiliwa msumari.

Ndipo mlango wa hoteli ukafunguliwa akatoka Noemi, binti wa kaka yake Mama Ersilia. Ana siku nne tu hapa, ametoka Bergamo kuja kumsaidia shangazi yake mapokezi, na ameleta mashine yake, ile kompyuta bapa ya kubeba kifuani. Alitusalimia wazee wote mmoja mmoja, vizuri tu, kisha akachuchumaa mbele ya Kamba.

Noemi: Shikamoo, mzee Tullio. Shangazi kasema unaingia leo. Nikuandikishe hapa hapa, usiinuke mara mbili?

Kamba: Marahaba, binti. Niandikishe.

Alimpa kitambulisho. Jaji akajongea asikie sheria ikitendeka.

Noemi: Makazi... Roncalta. Samahani, na sasa unatoka wapi?

Kamba: Pale.

Alinyoosha fimbo. Noemi alitazama fimbo, akatazama bomba la moshi, akaandika.

Noemi: Sababu ya kuja. Hapa kuna utalii, kazi, matibabu, na nyinginezo.

Jibini: Utalii!

Jaji: Nyinginezo. Nyinginezo ndiyo salama.

Kamba: Andika kazi.

Noemi: Kazi gani, mzee?

Kamba: Ya kukaa hapa. Si ndogo.

Noemi alitabasamu, akaandika kazi. Msichana ana adabu. Akateremsha kidole kwenye kioo mpaka mstari wa mwisho.

Noemi: Na unaondoka lini?

Jaji, aliyekuwa na jibu la kila sheria, alianza kukoroga kikombe kisicho na kitu. Jibini alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani methali haikutoka. Mimi nilitazama mlima. Noemi alitutazama mmoja mmoja, uso ukamwiva, maana alianza kuelewa ameuliza nini.

Noemi: Samahani, wazee wangu. Naweza kuruka mstari... ila mashine inakataa. Inataka tarehe. Shangazi alisema tu majira ya baridi, sasa mimi sijui nikiandika...

Kamba: Usiombe samahani. Umeuliza vizuri.

Akafikiri. Mzee wa miaka themanini na mmoja, nyonga ina chuma ndani, binti yake anamngoja Torino na mapazia mapya. Alifikiri kama alivyokuwa akifikiri zamani kabla ya kuvuta mkono wa lifti, akiangalia kwanza kama wote wameketi.

Kamba: Andika kesho.

Noemi: Kesho? Lakini mzee, kesho ni...

Kamba: Andika kesho. Halafu kesho asubuhi njoo hapa uniulize tena.

Noemi: Na kesho utaniambia nini?

Kamba: Kesho. Na keshokutwa vilevile. Itakuchosha hiyo?

Noemi: Hapana, Babu. Hainichoshi.

Akaandika. Mashine ikalia kidogo kuonyesha kwamba imekubali. Kamba alisimama, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine begani kwangu, tukafuate sanduku. Alipopiga hatua mbili akageuka.

Kamba: Binti, kifungua kinywa ni saa ngapi?

Noemi: Saa moja na nusu mpaka saa tatu.

Kamba: Niwekee meza ya saa moja na nusu.