Mama Ingia, Muuguzi wa Kliniki ya Uzazi wa Mpango

Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1942, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli. Jina la Mama Ingia alilipata ukubwani, tutalifikia.

Shule alianza mwaka 1950, akamaliza darasa la nane kwa sare moja aliyoifua kila jioni. Mwaka 1960 alichukuliwa chuo cha uuguzi. Baba yake alitamani awe mwalimu, maana yeye damu ilimtia kizunguzungu hata ikitajwa tu mezani.

Kazi alianza 1963, kliniki ya uzazi wa mpango, mtaa wa viwandani. Siku hizo mwanamke hakupewa dawa ya kuzuia mimba mpaka mumewe aje mwenyewe, asimame mlangoni, aseme amekubali. Swali la mlangoni lilikuwa moja: "Umekuja na nani?" Mwaka 1966 dada yake mkubwa alifika peke yake, mtoto wa sita mgongoni. Aliyemrudisha ni marehemu mwenyewe, akifuata amri. "Dada, nenda kamlete shemeji." Shemeji hakuja. Mimba ya saba ikaondoka naye. Tangu hapo marehemu hakumrudisha mtu. Mwanamke akitokeza peke yake, yeye alisema tu, "Ingia."

Ila mganga mkuu naye hakuwa kipofu, ikabidi waume wapatikane. Ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi viatu, kijana mpole, na marehemu akamwomba awe anavuka kidogo. Fundi alivua aproni, akavuka, akasema, "Mimi ndiye mume, nimekubali," kisha akarudi kwenye viatu vyake. Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku mganga mkuu alipomtazama sana usoni.

"Bwana, kwani wewe una wake wangapi?"

"Bado naoa, mheshimiwa."

Wakaumbuka wote wawili. Fundi alipigwa marufuku mlangoni, marehemu akapelekwa chumba cha kufulia mashuka. Huko hakunyamaza. Jioni alipita nyumba kwa nyumba, akakusanya wanawake, wakaenda wizarani, wakafukuzwa, wakarudi tena. Aliitwa malaya, akaitwa muuaji wa watoto, na mlango wa nyumba yake ukamwagiwa uchafu. Aliuosha, akaenda kazini. Amri ile ilifutwa mwaka 1977, naye akarudishwa mlangoni pake mpaka alipostaafu, 1997.

Ndoa alifunga na fundi yule yule, tarehe 4 Septemba 1971. Alipoposwa aliuliza, "Mimi nitakuwa wa ngapi?" Fundi akamjibu, "Wa kwanza wa kurudi naye nyumbani." Walijaliwa watoto wawili, wakaona wanatosha.

Mwaka huu, mwezi wa pili, alionekana ana uvimbe tumboni. Hospitalini daktari kijana alimwacha mgonjwa kitandani, akamfuata mzee kwenye benchi la nje.

"Mzee, wewe ndiye mume? Tukimpasua huenda akapona. Yeye hataki. Ukisema wewe, atakubali."

Neno hilo la mume fundi alilisema zamani kwa wanawake asiowajua, bila hata kumeza mate. Siku hiyo lilikawia. Alitaka mkewe apasuliwe. Hakuna kitu alichokitaka zaidi. Akasema, "Mimi ndiye. Lakini mwili ni wake, baba. Muulizeni yeye."

Wakamwuliza. Akasema hapana, anataka kwenda nyumbani. Fundi akainama, akamvalisha viatu.

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2019, asubuhi, kitandani kwake. Tangu siku hiyo mzee anaamka, anafungua kibanda, anakaa. Akipewa chai anakunywa. Akiulizwa kama amelala anasema ndiyo. Kiatu cha mteja kiko mapajani mwake, sindano imebaki katikati ya soli, na hakuna aliyethubutu kukiondoa.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, mdogo wake wa kiume anayesoma haya, na wanawake hawa waliojaa mpaka barabarani.

Apumzike kwa amani. Huko alikokwenda asiulizwe amekuja na nani. Aambiwe tu, ingia.