Miaka Niliyokubaliwa na Kila Mtu

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo Kikuu, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali, maprofesa wenzangu, madaktari na mafundi wa mashine wa Idara ya Picha za Ubongo, ndugu wageni waalikwa, na ninyi madaktari mnaosomea ubingwa, mliojipanga huko nyuma karibu na mlango ili mtoroke mapema: nawasalimu wote.

Nimesikiliza sifa zangu kwa dakika arobaini. Huyo Namgung Seok-ju aliyetajwa hapa ni mtu mzuri sana, na ningependa kukutana naye kabla sijastaafu. Mmesema idara yangu ilikuwa familia. Hapo niruhusuni nicheke kidogo. Kila tulipokwenda kula nyama ya kuchoma baada ya kazi, mlikaa kimya kama mko kwenye mtihani, mkanimiminia pombe ya soju kwa mikono miwili, mkageuza nyuso pembeni mkanywa kwa adabu. Nami nikishaaga, nikiwa bado nimeinama mlangoni navaa viatu, nasikia kicheko kinaanza ndani. Mara ngapi nimetamani kurudi kuuliza mnacheka nini? Sikurudi hata siku moja. Nilikwenda nyumbani nikawasha televisheni ili nyumba isiwe kimya.

Mmesifu pia utafiti wetu wa madoa. Kwa wageni wasioujua: mtu aliyepata kiharusi hupigwa picha ya ubongo, nasi tunahesabu madoa madogo meusi, alama za damu iliyovuja zamani. Yakiwa mengi, daktari huogopa kumpa dawa ya kuzuia damu kuganda. Ili hesabu iaminike, kila picha husomwa na watu wawili, kila mmoja kivyake, bila kuona jibu la mwenzake. Msomaji wa kwanza nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa mmoja wa wanafunzi wangu kumi. Tulikubaliana karibu katika kila picha. Jarida likatusifu, hospitali ikatunga kanuni kwa kufuata hesabu yetu, nami nikapewa nishani. Je, mmewahi kuona watu kumi na mmoja wakikubaliana namna hiyo, hata juu ya chakula cha mchana?

Mmoja hakukubali. Daktari Pyo Eun-gyo, aliyekuwa mwaka wa tatu, alisoma picha mia tatu akanipinga katika arobaini na moja. Asubuhi moja, mbele ya wenzake wote, niliiweka mojawapo ukutani nikamwuliza, "Daktari Pyo, leo macho umeyasahau nyumbani?"

Wakacheka. Yeye hakucheka.

"Ninayo, Profesa. Hilo si doa, ni mshipa ambao picha imeukata kimkingamo. Tazama picha ya juu yake na ya chini yake, utauona unaendelea."

"Mimi nilianza kusoma mishipa wewe hujaota meno."

"Ndiyo, Profesa. Lakini huo bado ni mshipa."

Nikamwondoa kwenye utafiti, na jina lake likafutwa. Mwaka uliofuata akahamia zahanati moja kisiwani Wando, na hakuna aliyemtaja tena mbele yangu.

Vuli iliyopita, nikipanga kabati langu, nilizisoma tena picha zile, safari hii bila kutazama majibu yangu ya zamani. Kati ya zile arobaini na moja, Pyo alikuwa sahihi katika thelathini na nane. Mishipa mitupu! Kuna wazee walionyimwa dawa kwa sababu ya madoa ambayo hayakuwepo, na baadhi yao walirudi kwetu wamepooza. Naona aibu, na nalisema hilo mbele yenu.

Nikapanda basi, tukavuka daraja hadi Wando. Alinipa chai ya shayiri, akaniita Profesa kama zamani. Nilimwomba radhi, kisha nikamwuliza ilikuwaje wenzake wote wakaona nilichokiona mimi.

"Hawakuona, Profesa. Walikuwa wanasubiri ujaze fomu yako, halafu wanaichungulia."

"Wote?"

"Wote tisa. Wiki ile uliyoniondoa walinipigia simu, mmoja mmoja, kwa siri. 'Dada, uko sahihi, ila tafadhali usinitaje.'"

Ndugu zangu, kwa miaka mingi nilimhurumia kidogo msichana yule aliyesimama peke yake. Kumbe chumbani mle mpweke nilikuwa mimi, na kila mtu alilijua hilo isipokuwa mimi. Siwalaumu hao tisa. Nani aliwafundisha kuniogopa? Katika somo hilo nilikuwa mwalimu hodari.

Baadhi yao wako humu ukumbini, na wengine wamekaa safu za mbele. Sitawataja. Barua ya masahihisho kwa jarida iko hapa mezani. Sahihi ya kwanza ni ya Daktari Pyo, ya pili ni yangu, na chini yake nimeacha mistari tisa. Ikienda na sahihi mbili tu, watasema ni mzee aliyechanganyikiwa na mwanafunzi mwenye kinyongo. Kanuni itabaki ilivyo, na kesho asubuhi mzee mwingine atanyimwa dawa.

Nawashukuru wote kwa kunipa masikio yenu. Msipige makofi, tafadhali. Nitaketi hapa karibu na barua mpaka ukumbi ufungwe, na kalamu ninayo.