Lachlan Urquhart, Aliyewachagulia Wote Risasi

Ndugu waombolezaji, majirani wa Eketāhuna, na ninyi wanachama wa vilabu vya shabaha mliosafiri kutoka kila pembe ya nchi, familia imenituma mimi Ewen, mdogo wake, niwasomee maisha ya kaka yetu, na kwa kuwa alichukia maneno yasiyopimwa, nitajitahidi nisizidishe.

Marehemu Lachlan Hector Urquhart alizaliwa tarehe 9 Juni 1947 katika shamba la kondoo la wazazi wetu, akiwa wa tatu kati ya watoto watano, akasoma shule ya msingi hapa hapa Eketāhuna, kisha sekondari Pahiatua hadi Desemba 1963, ambako hakuacha sifa yoyote isipokuwa kumsahihisha mwalimu wa hesabu mbele ya darasa, mara mbili.

Mwezi Februari 1964 aliingia karakana moja ya Masterton kujifunza ufundi wa mizani, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na mmoja, akizunguka maghala ya sufu na mabucha ya wilaya nzima, na wachinjaji mlioko hapa ni mashahidi kwamba urafiki naye haukuwahi kumwongezea mtu hata gramu moja.

Tarehe 22 Februari 1975 alifunga ndoa na Ngaire Tomlin katika kanisa la Presbiteri, Masterton, wakajaliwa watoto wawili, Rhona mwaka 1978 na Graeme mwaka 1981.

Mwaka 1989 chama cha taifa cha wapiga shabaha kilimkabidhi kazi iliyomfanya ajulikane. Wasioujua mchezo wetu waelewe kwamba katika mashindano ya taifa ya Januari pale uwanja wa Trentham hakuna anayepiga risasi zake mwenyewe, wote hupiga za chama, na vichwa vyake, yaani ile sehemu inayoruka, huchaguliwa na mtu mmoja kwa niaba ya wote. Viwanda humletea mafungu ya sampuli, naye Lachlan alikipima kila kichwa kwenye mizani yake, akakibiringisha juu ya kioo, akakiangalia kwenye mwanga, akaweka huku hiki na kule kile, na sisi tuliotazama tulibana pumzi, kwa maana tuliona vitu viwili vilivyofanana kama pacha, naye aliona kwamba mmoja wao, akifika yadi mia tisa, atakuwa amepotea kwa upana wa kiganja. Nimeishi naye miaka yote na bado sijui aliona nini.

Tena mizani ilikuwa mwanzo tu, kwani Jumapili alivifyatua vichwa hivyo kupitia mitutu saba, mitatu mipya, mitatu ya makamo, na mmoja uliochakaa kiasi kwamba mtu mwenye heshima zake angeufanya kigingi cha uzio, nao aliuita Shangazi. Fungu alilolichagua ni lile lililotulia ndani ya Shangazi, yaani risasi zake zikapiga karibu karibu. Alipoulizwa na kamati kwa nini hatazami kwanza mitutu mizuri, alijibu, "Mwenye mtutu mzuri ana mtutu mzuri, huyo mwingine ana mimi tu."

Mwezi Novemba 2002 mafungu yalikuwa manne, na Rhona, akiwa na miaka ishirini na minne na mtutu mpya, ndiye aliyetajwa na wengi kwamba atauchukua Mkanda wa taifa, tuzo ya bingwa wa Trentham. Lachlan alimpa ajaribu, na fungu la tatu likafanya jambo ambalo hatujaliona tena, risasi kumi kwa yadi mia tatu zikaingia mahali unapoweza kufunika kwa kizibo cha chupa, hata Ngaire aliyeshika darubini akasema, "Jamani, moja imeingia, hizo tisa zimekwenda wapi?" Ndani ya Shangazi fungu hilo hilo lilitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe, ilhali fungu la pili lilikuwa la wastani kila mahali.

Jioni hiyo, mezani, mbele ya nyama ya kondoo iliyokuwa ikipoa, alimwambia binti yake waziwazi kwamba bunduki yake inalipenda fungu la tatu, na kwamba hatalichagua, atachukua la pili. Rhona alisema, "Baba, ni mwaka mmoja tu, na wewe ndiye unayeamua." Akamjibu, "Tiaki Karaka atatoka Ruatōria na ule mtutu wake wa zamani, mwanangu. Akikosa shabaha nimwambie nini?" Rhona akasema, "Na mimi nikikosa, utaniambia nini?"

Tarehe 18 Januari 2003 Rhona aliukosa Mkanda kwa pointi moja, na aliyeupata ni Tiaki Karaka, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Mshindi alipobebwa juu ya kiti kama ilivyo desturi yetu, Rhona alishika mti mmoja wa kiti hicho, akambeba mpaka mwisho, kisha akahamia Timaru, mbali kusini, na kwa miaka miwili nyumba ile ilipata kadi za Krismasi tu. Lachlan aliumia sana, tusifiche.

Mwaka 2005 Rhona alirudi Trentham na mtutu ule ule, sasa umechakaa kwa kupigwa mno, na risasi alizochagua baba yake zilitulia ndani yake siku nzima. Alishika nafasi ya sita, akashuka kwenye tuta la kupigia, akaketi kando ya baba yake bila salamu, akachukua nusu ya mkate wake wa nyama, akaula.

Mikono ya Lachlan ilianza kutetemeka mwaka 2017, na Julai mwaka huu madaktari waligundua saratani ya mapafu, chama kikamwomba Rhona amalizie majaribio. Jumapili tarehe 3 Novemba alitoka uwanjani moja kwa moja hadi kitandani kwa baba yake, ambaye alimuuliza swali moja, "Shangazi kasemaje?" Rhona akamwambia. Hakuuliza bunduki ya Rhona ilisemaje, na Rhona hakumwambia, wala hatujui mpaka leo. Lachlan alifariki Jumatano tarehe 6 Novemba 2024, saa kumi na moja alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliokamua ng'ombe wetu na kujaza jiko letu vyakula, mafundi wenzake wa mizani, na wapiga shabaha wote, hasa familia ya Karaka.

Pumzika kwa amani, kaka. Fungu limekwisha kuchaguliwa.