Msinambie Yapendeza

Asalaam aleikum, na wale wa Bwana asifiwe nawaamkia pia. Humu ukumbini tumechanganyika na ndivyo Kisauni yetu ilivyo. Wakubwa zangu, shikamooni. Kila wiki nimekaa kiti cha nyuma nikisikiliza wenzangu waliopoteza kazi wakisema yao, kisha naondoka kimya. Leo nimeona nikiendelea hivyo nitakuwa mtu wa kuchukua tu, asiyerudisha.

Mimi ni mzaliwa wa Mjambere. Kazi yangu, kwa wasioijua, ni kupanga kile mtu anachokiona akifungua programu kwenye simu: kitufe kikae wapi, maandishi yawe makubwa kiasi gani, ukibonyeza hapa upelekwe wapi. Si kupaka rangi tu, ingawa mamangu mpaka leo akiulizwa husema mwanawe ni mchoraji wa simu. Niliisomea mtandaoni, nikaharibu, nikarudia, mwisho kampuni moja ndogo ikaniajiri, kazi nafanyia nyumbani.

Kampuni ilipata kazi ya zahanati ya huku kwetu. Walitaka wagonjwa wachague siku ya kumwona daktari kwa simu, wasipange foleni tangu alfajiri. Nikachora. Ndugu zangu, nawaambia, nilichora mpaka nikajipenda. Kisha mkubwa wangu akasema nikaijaribishe kwa watu, maana ndiyo desturi ya kazi yetu. Nikaenda nyumba kwa nyumba kwa mama na mashangazi kumi na wawili wa mtaani. Nikavua viatu, nikasalimu, nikakaa mkekani, nikaletewa chai na mahamri. Nikatoa simu nikawaonyesha mimi mwenyewe: mwaona, wabonyeza hapa, wachagua siku, kisha hapa. Nikauliza, "Mwaionaje?"

Wote wakasema, "Mashallah, yapendeza."

Mnacheka, mmeshajua. Mtu wa pwani umwendee kwake kwa adabu, unywe chai yake, halafu akwambie kazi yako mbovu? Mimi mwenyewe nikipewa wali ulioungua kwenye nyumba ya watu nasema mashallah, na naongeza. Sasa mtu aliyezaliwa humu humu alisahau vipi? Nilisahau kwa sababu sifa ni tamu. Nikaandika kwenye ripoti kwamba watu wote wameridhika.

Programu ikatoka. Wiki ya kwanza tu, watu wakaanza kufika zahanati na majina yao hayapo. Mama mmoja mjamzito alitoka Miritini asubuhi, akaambiwa hakuandikwa, akarudi na miguu yake imevimba. Tatizo lilikuwa hili: ukichagua siku, kisanduku cha tarehe kinageuka kijani. Mtu akiona kijani anajua yamekwisha, anafunga simu. Kumbe chini kabisa, mpaka uisukume skrini juu, kulikuwa na kitufe kingine cha kuthibitisha. Mimi nilikijua kwa kuwa nilikiweka mimi. Zahanati ikakasirika ikavunja mkataba kabla programu haijarekebishwa, kampuni ikaniachisha. Sikuwalaumu. Lakini habari ya yule mjamzito haikunitoka.

Nyumbani sikusema. Kila asubuhi nafungua laptopu, navaa visikizio, najifanya niko kazini. Mamangu anawanyamazisha watoto wa dada yangu, "Shh, mama mdogo yuko kazini." Wallahi, maneno yale yalinichoma kuliko kufukuzwa. Nikituma maombi ya kazi, majibu hayaji, au yakija naulizwa kama nimeizoea akili bandia, kwani siku hizi kompyuta ukiiambia kwa maneno inakuchorea skrini kumi chai haijapoa. Nikajiuliza, kama kuchora yachora kompyuta, na mimi nilipochora niliumiza watu, basi wa nini mimi? Nilikaa hivyo miezi saba.

Siku moja adhuhuri akaja jirani yetu, bibi mmoja kati ya wale kumi na wawili.

"Mwanangu, nishikie siku ya daktari wa magoti kwenye kile chombo chako. Mimi hakinitii."

"Lakini bi mkubwa, wewe uliniambia chapendeza."

"Na chapendeza," akasema. "Hukuniuliza kama nakiweza."

"Ningekuuliza, ungenambia kweli?"

Akatikisa kichwa. "Aka. Umekaa kwangu, nikuvunje moyo?"

Nikalia pale pale mbele yake. Mamangu akatoka jikoni, nami nikamwambia kwamba kazi sina, muda mrefu sina. Akafuta mikono kwa leso yake. "Najua," akasema. "Aliye kazini husema na watu. Wewe wavaa visikizio na mdomo hausemi." Nikamuuliza mbona alinyamaza miezi yote hiyo. Akanijibu, "Nilikuwa nakusitiri, mwanangu."

Nimelifikiria sana neno hilo. Adabu ile ile iliyonipoteza kazini ndiyo iliyonihifadhi nyumbani, basi siwezi kuilaani. Nilichoweza ni kutafuta njia ya kupita nayo.

Siku ile ile nilimpa yule bibi simu, nikamwambia, "Haya, nifundishe. Wewe ndiye mwalimu, mimi simu siijui." Akageuka mtu mwingine. Sasa hakuwa na mgeni wa kumstahi, alikuwa na mwanafunzi. "Hapa pana kijani, basi yamekwisha. Mbona hayakwisha? Aliyekipanga hiki alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Nikanyamaza nikaandika daftarini. Nikarudi kwa wale wengine kumi na mmoja hivyo hivyo, nao wakanifundisha, na wengine wakanigombeza.

Nikaenda zahanati bila kuitwa. Nikamwambia msimamizi kosa lilikuwa langu, na hapa ndipo watu wanapokwama. Alisoma daftari langu kurasa zote bila kuniangalia. Kisha akaniuliza naweza kuanza lini.

Leo naifanyia kazi zahanati ile na kampuni mbili za mbali. Kuchora, nakubali, kompyuta yanishinda kasi. Vijana mnaoitaka kazi hii, jifunzeni kuitumia, msiikimbie. Lakini jueni kwamba hata ripoti ya "watu wote wameridhika" kompyuta itawaandikia vizuri sana. Kukaa na mtu mpaka akosee mbele yako bila kuona haya, hiyo bado ni kazi yetu. Yule mama wa Miritini nilimtafuta nikamwomba radhi. Alijifungua salama, alhamdulillahi, na alinisamehe upesi kuliko nilivyostahili.

Namshukuru yeye. Namshukuru yule bibi, msimamizi aliyenipa nafasi ya pili, na mamangu. Nanyi nawashukuru kwa kuniacha nikae nyuma bila kunihoji. Nililojifunza ni hili: sifa za watu zipokee, ni heshima yao kwako, lakini usizifanye ushahidi.

Sasa nakaa. Najua mwataka kusema mashallah, umesema vizuri. Leo msinambie. Kama yuko hapa aliyeaga kwao asubuhi kwamba yuaenda kazini, na kazi hana, asimame atufundishe alipokwama. Sisi tutanyamaza.