Mwalimu Sichana na Watoto wa Mshelisheli

Tarehe 30 Juni 2025 Mwalimu Sichana Borafya Nahodha anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya kusomesha Jiografia katika skuli za Unguja, nusu yake akiwa nasi hapa Mji Mkongwe. Desturi ni wasifu wa namna hii kuandikwa na mwalimu mwenzake. Safari hii walimu wameipa kazi Klabu ya Mazingira, aliyoianzisha yeye, na wanaklabu wakanisukumia mimi, kwa hoja kwamba asiyesema lazima ana mengi ya kuandika. Sina hakika na hoja hiyo. Nimekubali kwa sababu kukataa kungenilazimu kusema.

Mwalimu Sichana ni mzaliwa wa Uroa. Kazi aliianza mwaka 1991 katika skuli moja ya shamba, jirani na msitu wa Jozani, na huko ndiko ulikoanza ugomvi wake maarufu na kima punju. Alipanda na wanafunzi wake miche ya miembe kuzunguka uwanja. Kima wakashuka, wakala majani yote machanga, wakaacha vijiti. Akenda kwa walinzi wa msitu kushitaki. Wakamwambia, kwa heshima zote, kwamba wanyama wale wanalindwa na serikali. "Na mimi nimeajiriwa na serikali hiyo hiyo," akawajibu, "mbona silindwi?" Akarudi, akasuka mapakacha ya makuti, akauvisha kila mche pakacha lake, mpaka uwanja ukawa kama umejaa watu waliovaa kofia. Wanaopita huko husema miembe hiyo sasa inazaa, na kima ndio wanaokula maembe.

Alipohamishiwa mjini, wenzake walidhani maradhi yake ya miche yatapoa. Nyumba za Mji Mkongwe zimeshikana bega kwa bega. Udongo mpaka ukaombe kwa jamaa wa shamba. Yeye akasema nyumba isiyo na kiwanja haikosi ngazi, na ngazi haikosi pembe. Kwa maneno hayo akawafanya watoto wa vichochoroni kuwa walezi: mrihani kwenye kopo la maziwa, asmini kwenye dumu la mafuta lililokatwa, mkomamanga juu ya paa. Mche aliokukabidhi hakuuita mche, aliuita mtoto. Akikukuta Darajani na mama yako, hakuulizi hali yako wewe. "Mtoto hajambo? Kanywa maji? Jana kalala wapi?" Muuza duka mmoja wa Mkunazini aliyeyasikia hayo mpaka leo ananitania kama nishamkatia mtoto wangu cheti cha kuzaliwa.

Kwa uadilifu wa wasifu lazima isemwe pia kwamba waridi halijawahi kumkubali. Kila mwaka hununua, kila mwaka humfia, na kila mwaka husema lilikuwa na maradhi tangu huko lilikotoka.

Mimi nilimjua mwaka juzi, nilipoingia Kidato cha Kwanza. Nilitoka skuli ambayo karibu masomo yote tulisomeshwa kwa Kiingereza, na Kiswahili cha darasani nilikuwa nakishika neno kwa neno, kama lilivyo, nisije nikakosea. Wiki ya kwanza Mwalimu akatangaza: "Kesho kila mmoja aje na mche." Kwetu tunaishi ghorofa ya tatu, na mche ninaoujua ni mmoja. Mama akanipa, akilalamika kwamba skuli siku hizi zinataka kila kitu. Asubuhi wenzangu wakaweka mezani mipapai na mipilipili. Mimi nikaweka mche wa sabuni ya kufulia, umefungwa gazeti.

Darasa likapasuka kwa kicheko. "Huo utaumwagilia au utaufulia?" akapiga kelele Mkubwa, kijana wa kiti cha nyuma. Mwalimu akauinua mche wangu, akaugeuzageuza. "Nimesema mche, kaleta mche. Na wake haunyauki, Mkubwa, si kama huo mpapai wako uliokufa njiani." Akakata kipande, akakikoroga ndooni, tukapangusia wadudu weupe kwenye majani ya mipilipili. Hata hivyo jina la Sabuni likanikaa, na mimi nikazidi kunyamaza.

Nyuma ya skuli palikuwa na mshelisheli mkubwa. Kila Ramadhani matunda yake yaligawiwa nyumba za jirani, yakapikwa kwa tui la nazi kwa futari, na hakuna aliyejua nani aliupanda. Mwaka huo ikaja habari njema yenye uchungu ndani yake: skuli inajengewa madarasa mapya ya ghorofa, na mshelisheli umesimama pale pale pa kuchimba msingi. Mwalimu Sichana hakupinga. Mtu anayesomesha watoto waliobanana dawati moja kama dagaa hawezi kupinga madarasa. Alitaka kitu kimoja tu, mti usiondoke bila ya kizazi. Hapo ndipo penye tabu, maana shelisheli letu halina mbegu. Huwezi kula, ukatema kokwa, ukangojea. Mtoto wake hutoka kwenye mzizi, na mzizi usipochipua, mti ukishakatwa ndiyo basi.

Kabla ya Ramadhani akachimba mizizi ya pembeni, akaikata vipande vya shubiri shubiri, akatugawia. "Mtoto huyu hataki jua," akatuambia. "Mkifika nyumbani mlazeni kivulini, na mchanga usikauke." Wenzangu walimwelewa kama alivyokusudia: wakavichomeka vipande wima kwenye makopo, wakayaacha makopo kivulini. Mimi nilisikia *mlazeni*. Nikachukua beseni la mama lililotoboka, nikatandika mchanga, nikamlaza mtoto wangu kama alazwavyo mtoto, nikamfunika mchanga mwembamba mpaka shingoni, kama mzizi una shingo.

"Unampanda au unamzika?" mama akaniuliza.

Tuliporudi baada ya Sikukuu ya Idi, fundi wa kukata mti, Kificho, alishafika kuukagua, na kazi ilipangwa Jumamosi. Mwalimu akauliza nani mtoto wake kachipua. Mmoja mmoja wakaanza: kaoza. Kaoza. Wangu kaoza, Ticha, na ananuka. Nilimwona akivuta kiti akakaa, yeye ambaye hakai akisomesha.

"Basi nimekosea mie," akasema. "Nimekuagizeni jambo nisilolijua sawasawa."

Wangu alikuwa amechipua. Alitoa vichwa viwili vya kijani, vidogo kama ncha za penseli. Sikunyanyua mkono. Nilishasikia wenzangu wamevichomeka vyao wima, nikajua nimempanda sivyo, na nilijua darasa litasema nini. Nikajiambia nikinyamaza hakuna atakayejua. Halafu nje Kificho akautia moto msumeno wake wa injini kuujaribu, ukanguruma mpaka vioo vikatetemeka, nami nikajikuta nimesimama kabla sijaamua kusimama.

"Wangu kachipua, Ticha."

"Nani huyo? Nasima? Hebu paza sauti, mwanangu."

"Kachipua. Lakini nimemlaza."

"Umemlaza vipi?"

"Ulisema tumlaze. Nimemlaza."

Mwalimu akainuka kitini. "Chali au kifudifudi?"

Darasa likacheka, na mimi nikacheka nao, jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Yeye hakucheka. Alikuwa kashashika mkoba. Akamwachia darasa mwalimu mwenzake, akanifuata vichochoroni huku ameshika buibui lisimkwaze, akazipanda ngazi za nyumba yetu bila ya kupumzika. Mama alipofungua mlango na kumwona mwalimu mzima anahema, akapiga kifua: "Karibu, Mwalimu. Kafanya nini huyu?"

"Kafanya!" akajibu Mwalimu. "Beseni liko wapi?"

Akapiga magoti, akaufukua mchanga kwa kidole, taratibu, mpaka akauona mzizi umelala ubavu na machipukizi yamepanda juu kutoka mgongoni mwake. "Kumbe analala kweli," akasema. Akabaki pale chini muda mrefu kuliko ulivyohitajika kuangalia kipande cha mzizi.

Ijumaa baada ya sala tukachimba. Klabu nzima, majembe ya kuazima, na Kificho mwenyewe akatutolea mizizi minene iliyotushinda, akisema tangu aanze kazi hajaona mti unaagwa kwa vicheko. Tukakusanya mabeseni ya mtaa mzima. Kina mama walinung'unika watafulia wapi, kisha wakaja kuchungulia kila asubuhi. Tuliilaza yote. Baadhi ilioza tena. Iliyochipua ilitosha. Leo mti ule una watoto kwenye paa za Mji Mkongwe, kwenye viwanja vya jamaa zetu wa shamba, na mmoja amevuka maji mpaka Tumbatu, kwa babu yake Mwanakheir wa klabu yetu. Mwalimu huisimulia habari hii katika semina za walimu, na kila anapoisimulia, anaanza na kosa lake.

Wasifu huu ungeweza kueleza pia alivyoongoza idara, alivyotuchoresha ramani ya Unguja kwa kichwa mpaka tukaijua kama viganja vyetu, na sauti yake iliyowahi kusimamisha mechi ya mpira katika skuli ya jirani. Hayo walimu watayasema ukumbini vizuri kuliko mimi.

Langu ni hili. Mche wangu sasa umenipita kiuno. Nimeuhamishia kwenye pipa, na mizizi imeshaanza kutokeza chini kutafuta ardhi ambayo ghorofa ya tatu haina. Klabu imekubaliana uwe zawadi ya Mwalimu, akaupande kwenye kiwanja chake Uroa. Mimi nilikuwa wa mwisho kukubali. Kusema kweli nilinuna wiki nzima, nikiona kwamba kumpa mtu mtoto uliyemlea ni kumpoteza. Kisha nikakumbuka kwamba yeye kila mwaka anasimama langoni kuaga kidato kizima, na hanuni. Mbele yetu, angalau.

Mwalimu Sichana, skuli inakushukuru kwa kila ulichokichomeka na kila ulichokilaza. Mwenyezi Mungu akupe afya, usingizi wa asubuhi usiokatizwa na kengele, na waridi moja litakalokukubali. Mche tutaushusha ngazi wenyewe, tuupakie garini, tukuchimbie na shimo. Uchague pahala mbali na ukuta, maana mshelisheli hupenda nafasi. Ukizaa, tuletee habari tu. Nazi tutakuja nazo sisi.